Coco, pantoni, Mbudya au treni ya Morogoro? Ulinganisho kwa mtu wa Dar asiye na muda

Saa kumi na moja na robo, ofisini kwetu Posta wanazima kiyoyozi. Hapo ndipo utajua nani anakaa wapi. Wenye nyumba zenye miti wanaondoka haraka. Sisi wa mabati tunajifanya bado tuna barua pepe mbili tatu za kujibu. Mimi nakaa Kimara, jikoni kwangu hakuna dari, na kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi bati lile linaendelea kutema joto hadi saa nne usiku.

Na huo ndio msimu wenyewe wa bahari. Vuli imekatika, masika bado, kaskazi inavuma, maembe yamepangwa mafungu kila kona. Kwa bahati mbaya ndio msimu ambao sikukuu zimeshamaliza hela, ada za Januari zinagonga mlango, na mabosi wanataka ripoti ya mwaka. Kila mwaka tunasema "safari hii lazima twende Mbudya", kisha unashtukia mvua za Machi zimeshaanza na hata kidole hujakilowesha.

Kwa hiyo nimezichukua raha nne za mtu wa Dar, yaani ufukwe wa Coco, pantoni (kivuko) ya Kigamboni, kisiwa cha Mbudya na treni ya Morogoro, nikazipima kwa vipimo vya mtu wa ajira. Cha kwanza: ni saa ngapi tangu ninyanyuke kitini mpaka nifike kitandani. Cha pili: ni watu wangapi lazima wakubali kwanza. Bei naiweka ya tatu, maana kwa uzoefu wangu safari nyingi hazifi kwa kukosa hela. Zinafia kwenye "ngoja nimuulize na fulani".

Jioni ya siku ya kazi: Coco

Tangu Daraja la Tanzanite lianze kutumika mwaka 2022, Coco ni kama imesogea karibu na Posta. Daraja lina urefu wa kilomita 1.03, linaanzia upande wa hospitali ya Aga Khan na kutua karibu kabisa na ufukwe, kwa hiyo hulazimiki tena kukaa kwenye foleni ya daraja la Salender ukihesabu pikipiki. Mkichangia bajaji watu watatu hamtaumia. Ukiwa na miguu mizima, vuka daraja kwa miguu. Njia ya watembea kwa miguu ipo, na upepo wa pale juu peke yake unatosha kukuondolea ofisi kichwani.

Kiingilio hakuna. Gharama yako ni usafiri na tumbo. Tumbo la Coco ni mihogo: mama anaiopoa kwenye mafuta, anaikung'uta mara mbili kwenye ukingo wa karai, anaipasua katikati bado ikitoa mvuke, anasindilia kachumbari, kisha anakuangalia usoni kabla ya kumimina chachandu, ile sosi ya pilipili. Ukisita anacheka. Ukisema "weka tu" anaweka kweli, na hilo ni kosa utakalolijutia hadi kesho yake asubuhi.

Wengi wanaoiona Coco mbovu wamekwenda saa mbovu. Coco inafuata mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari yetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa kati ya saa nne na saa tano. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kwa takriban dakika 50. Maana yake kwa mtu anayetoka kazini saa kumi na moja: siku ya mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, bahari inakusubiri imejaa. Wiki moja mbele maji ni mafu, hayajai wala hayakupwi sana, na jioni unayakuta ndiyo kwanza yanajikongoja kurudi, miamba inachungulia.

Huhitaji programu ya simu kwa hesabu hiyo. Kama kalenda yenu ya ukutani ina tarehe za Kiislamu, tarehe 1 hadi 4 na tarehe 15 hadi 18 ndizo jioni zako. Tarehe hizohizo, asubuhi za wikiendi ni mtego. Rafiki yangu mmoja aliwapeleka watoto Jumamosi saa nne na nusu, mwezi ukiwa mpevu. Alikuta bahari imekwenda zake na kuacha miamba, mwani na vidimbwi. Alinipigia simu kulalamika, na nyuma yake nasikia watoto wanapiga kelele za furaha, wanakimbiza kaa. Kwa hiyo hata hilo linategemea umekwenda na nani.

Kuna zawadi nyingine ya tarehe 15. Coco inatazama mashariki. Januari jua linazama nyuma yako, kwenye nyumba za Oysterbay, kama saa 12:45 jioni, na karibu saa hiyohiyo mwezi mpevu unatoka majini mbele yako, mwekundu, mkubwa. Umeogelea, una muhogo mkononi, na bado saa moja haijatimia.

Kasoro zake? Jumapili jioni pamejaa hadi hujui mguu uuweke wapi, na kila kibanda kina spika yake. Maji yakianza kupwa yanavuta, kwa hiyo anayeogelea asiende mbali. Pia huwezi kwenda peke yako kama una nia ya kuoga, labda simu na mkoba uviogeshe navyo. Watu wa kukubali: mmoja, wa kukaa na mikoba. Kurudi Kimara, nachukua bajaji hadi kituo cha Morocco, kisha basi la mwendokasi. Saa tatu kasoro niko nyumbani, na bati limeshapoa nusu.

Jioni hiyohiyo: pantoni

Pantoni haina mvuto kwenye picha, na sijawahi kumwona mtu akijisifu kwamba alivuka kwenda Kigamboni. Lakini kwenye kipimo changu cha pili inawashinda wote: haihitaji kukubaliwa na mtu yeyote. Hubebi nguo. Hupangi. Unatoka ofisini, unatembea hadi Kivukoni, unavuka.

Nauli ya mtu mzima kwenye vivuko vya Magogoni imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi. Kwenda na kurudi ni 400. Ongeza karanga, ongeza kahawa ya kikombe kidogo, bado hujafika bei ya soda ya hotelini.

Unachopata ni hiki. Geti linafunguliwa, watu wanaingia kama wamefukuzwa, wenye baiskeli wanapiga kengele, mwenye trei la mayai anaomba njia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvunja mengine jana. Wewe usikimbilie viti. Nenda ubavuni, upande wa bandarini. Pantoni ikiondoka, joto la mjini linakatika ghafla kama mtu amefunga mlango. Kushoto kwako, ukielekea Kigamboni, maji ya bahari kuu yanaingia kwenye mlango mwembamba. Kulia ni bandari, na juu ya miti unaona paa jekundu la kanisa la Azania Front, na nyuma yake mnara wa kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kuna siku meli ya makontena inapita, na pantoni inasimama kuipisha. Meli ile ikiwa karibu hivyo inaziba mbingu. Watu wote wanaacha simu zao na kutazama juu, hata wale wanaovuka mara mbili kila siku.

Ni dakika chache tu. Ndiyo maana mimi huvuka, nakaa ng'ambo nusu saa nikila muhindi wa kuchoma, kisha narudi. Hapa kuna faida ndogo ambayo mtu wa mjini anaipata bure: jioni wakazi wa Kigamboni wote wanaelekea kwao, kwa hiyo kwenda mtabanana, lakini kurudi pantoni ni nyeupe. Unachagua pa kukaa. Taa za Kivukoni zinakuja taratibu, upepo uko usoni, na ukishuka kituo cha mwendokasi kiko palepale.

Ukitaka kuogelea Kigamboni, hilo ni suala jingine. Fukwe nzuri ziko mbali na kivuko, utahitaji bajaji au daladala, na baadhi zinatoza kiingilio ambacho baadaye kinageuka kinywaji. Hiyo si jioni ya kazi tena, ni Jumamosi. Wenye magari hupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, na ni daraja zuri, lakini ukilipita umeinunua foleni na kuiuza bahari.

Kati ya hizi mbili: siku yenye mwezi mzuri na mwenza wa kukaa na mikoba, nenda Coco. Siku uliyochoka, umegombana na mtu, au hujui kama unataka raha au unataka kulala, panda pantoni.

Siku nzima: Mbudya

Sasa wenye Jumamosi. Mbudya ni mojawapo ya visiwa vya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotengwa tangu 1975. Boti zinaondokea Kunduchi. Kwa uzuri wa maji, hakuna ninachokilinganisha nacho hapa mjini: mchanga mweupe, maji unayaona hadi vidole vya miguu, mibuyu imesimama nyuma kama wazee wa kesi. Na huu ndio msimu wake. Katikati ya mwaka kusi ikivuma bahari inachafuka, wakati wa kaskazi inatulia.

Lakini pima saa. Kutoka Kimara hadi Kunduchi, kusubiri boti, kuvuka, kukaa, kurudi: umeondoka saa mbili asubuhi, umerudi saa moja jioni, na Jumapili unafua ukiwa na mabega yaliyoungua. Kuna nauli ya boti, kuna kiingilio cha hifadhi (raia na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo beba kitambulisho), kuna kivuli cha kukodi, na samaki wa kukaanga ambaye lazima umwagize unapofika tu, la sivyo utamla saa tisa. Maji ya kunywa beba mwenyewe. Tulipokwenda wawili, laki ilitoka nyumbani na haikurudi hata chenji ya bodaboda. Mkiwa wengi boti inagawanyika, na hapo ndipo kipimo cha pili kinapoanza kuuma.

Mwaka juzi nilianzisha kundi la WhatsApp. Watu 14 waliandika "nipo". Mmoja akaweka mpaka picha ya miwani ya jua aliyonunua. Ijumaa usiku zikaanza: mtoto ana homa, shemeji amefika, "nyie tangulieni nitawakuta". Hata sikujua mtu anatukuta vipi kisiwani. Asubuhi tulikuwa watano. Nahodha, ambaye tulimpatia hesabu ya 14, alituhesabu kwa kidole, akatuhesabu tena, akasema, "Dada, boti hainywi mafuta kwa idadi ya watu." Tulilipa. Tulifurahi pia, siwezi kudanganya. Ila tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: aliyetuma hela ndiye aliyesema "nipo".

Kama unakaa Masaki, Msasani au Kinondoni, Bongoyo ni karibu zaidi kwa sababu boti zake zinaondokea Msasani. Wengine tusisumbuke kulinganisha visiwa viwili ambavyo hata kimoja hatujaenda mwaka huu.

Na chagua tarehe. Desemba 26 na Januari mosi mji mzima umepata wazo lako. Mapinduzi, Januari 12, ni sikukuu ambayo wengi hawana tena senti ya kutokea. Aliyebakiza kidogo siku hiyo atapata bahari yenye nafasi.

Siku nzima: treni ya Morogoro

Treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari haichukui hata saa mbili. Kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye basi akiiangalia Mlandizi kwa saa nzima, hilo peke yake ni utalii. Hesabu ni rahisi kuliko ya Mbudya: kwenda na kurudi 26,000 kwa bei hiyo, na hakuna nahodha wa kujadiliana naye. Unaweza kwenda peke yako bila kuonekana umeachwa.

Inachodai ni mpango wa aina nyingine. Tiketi inakatwa mapema kwa kitambulisho, na saa ni saa. Ukizoea "nipo njiani" ya Dar, utalipungia mkono behewa la mwisho. Stesheni ya Morogoro nayo iko Kihonda, si mjini, kwa hiyo tenga nauli ya daladala au bodaboda.

Pia nisiwadanganye kuhusu baridi. Morogoro mjini Januari jua linawaka vilevile. Raha iko ukianza kupanda kuelekea milima ya Uluguru: Rock Garden, ambapo kijito kinashuka kwenye mawe na unaloweka miguu, au ukiwa na pumzi, njia ya Morning Side, nyumba ya zamani ya Wajerumani juu ya mji. Huko upepo ni mwingine. Kwa mwenye watoto wadogo ningesema Rock Garden tu, maana treni yenyewe imeshakuwa nusu ya furaha yao. Wangu wawili walipoulizwa walichoona Morogoro walijibu, "Mlango unajifungua wenyewe."

Mbudya au Morogoro? Kama mna kundi lililokwisha tuma hela, Mbudya, tena kabla ya Februari kwisha. Kama ni wewe, watoto na mawazo, panda treni. Gharama mtakuta hazipishani sana, ila kwenye treni unazijua kabla ya kuondoka nyumbani. Kisiwani unazijua ukiwa umeshalowa.

Zinazobaki

Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kipo tangu 1967: nyumba za asili za makabila mbalimbali, miti mingi, kivuli kizuri, kiingilio cha raia hakiumizi. Tatizo ni kwamba jioni ukitoka kazini wanafunga. Ni mahali pa Jumamosi asubuhi, hasa kama una mgeni kutoka mkoani au mtoto anayeuliza maswali.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe unafaa kwa anayechoshwa na bahari. Wapo watu hao, nimeolewa katika ukoo wao. Mume wangu na Pugu ni damu na nyama. Mimi naona nimetoka kwenye joto la bati nikaingia kwenye joto la kupanda kilima.

Halafu kuna uani. Sikutaka kuiweka kwa sababu inaonekana kama kukata tamaa, lakini kwa vipimo vyangu inaongoza: muda wa safari sifuri, wa kukubali hakuna. Tandika mkeka nje saa moja usiku, kata maembe ukayachovye kwenye chumvi na pilipili, toa drafti au karata, na simu zibaki ndani kwenye chaji. Sharti ni moja tu na ndilo gumu: asiingie mtu kuwasha runinga.

Kama ningekuwa nakuchagulia

Unatoka kazini saa kumi na moja, una mtu mmoja wa kuaminika: Coco, kwa tarehe za mwezi, mara mbili kila mwezi. Unatoka saa moja usiku umechoka hoi: uani. Huna mtu na huna hela, ila una saa moja: pantoni. Una Jumamosi moja tu msimu mzima: ichukue sasa hivi kabla ya ripoti, kata tiketi ya treni, na Mbudya uiache kwa mtu mwingine aandae, wewe uwe wa kwanza kutuma hela.

Kilichonisaidia zaidi ya yote ni droo ya chini ya meza yangu. Ilikuwa na mafaili ya 2019 ambayo hakuna aliyewahi kuyaulizia. Sasa ina kanga mbili, ndala, nguo ya kuogelea na chupa ya maji, ili jioni nisirudi kwanza Kimara, kwa sababu nikirudi Kimara sitoki tena. Wiki iliyopita bosi aliifungua akitafuta stepla. Aliitazama ile kanga kwa muda, akatazama saa ya ukutani, akaifunga droo polepole.

"Leo maji yanajaa saa ngapi?" akaniuliza.